Yeye Pangai, mimi Pangani: shajara ya makala ya sauti

Jumamosi, 4 Februari 2023

Mradi umeanza leo. Nataka kutengeneza makala ya sauti kwa Kiswahili, ya dakika arobaini hivi, juu ya mwanamke wa Tonga, ile ya visiwa vya Pasifiki, anayesomea ualimu hapa Auckland, Nyuzilandi. Amebakiza mwaka mmoja chuoni. Nitakuwa naye mwaka huo wote, na humu nitaandika nilichorekodi, nilichokata na sababu zake.

Jina lake halitatajwa, si hapa wala katika makala. Tumekubaliana nimwite Dada. Tulijuana 2016, tukisafisha ofisi usiku katikati ya mji. Usiku wa kwanza aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Pangani. Akaegemeza fagio ukutani akanikumbatia, maana alisikia Pangai, mji mkubwa wa visiwa vya Ha'apai, alikozaliwa. Mpaka tunaelewana kwamba mimi ni Mtanzania na baina ya kwetu na kwao kuna bahari mbili, undugu ulikuwa umeshaingia.

Leo nimemkuta anaanika madaftari. Mvua ya Ijumaa tarehe 27 Januari, ile iliyofurikisha Auckland kwa usiku mmoja, iliingia katika gereji yao huko Māngere, na gereji ndiyo chumba chake cha kusomea. Karatasi amezibana moja moja kwenye kamba ya nguo. Rekodi ya kwanza ya mradi ni hiyo: karatasi zikipigwa na upepo, sekunde hamsini, na mwanawe wa mwisho akiuliza kama herufi zitarudi.

Jumamosi, 11 Februari

Mahojiano ya kwanza. Saa nzima ya rekodi, na ya kutumika hayafiki dakika mbili. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaweka maikrofoni mezani, nikamsomea maswali kutoka kwenye karatasi. Akanijibu kama mtu aliye mbele ya ofisa wa uhamiaji: mwaka, mahali, basi. Mwenzangu niliyefanya naye kazi usiku kwa miaka mitatu, anayecheka mpaka anashika mbavu, leo hakuwapo kwenye kile kiti.

Nilichopata ni mifupa ya habari. Alikuja 2012 na mumewe na watoto wawili, kwa mpango uitwao Pacific Access Category. Nyuzilandi iliuanzisha 2002. Kila mwaka watu wa visiwa hutia majina yao katika bahati nasibu, na Tonga ilitengewa nafasi 250, wenza na watoto wakiwemo ndani ya hesabu hiyo. Jina likitoka, safari bado, mpaka mmoja wenu apate ofa ya kazi. Mumewe aliipata kwenye ghala. Yeye alipakia mboga, akasafisha ofisi, kisha akawa msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi, kazi ya kukaa na watoto watatu wanne walioachwa nyuma katika kusoma. Hapo ndipo alipoamua. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS aliufanya mara tatu, kwa sababu wakati huo mwalimu alitakiwa alama 7 katika kila sehemu, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kuandika kulikuwa kunamwangusha kwa nusu alama. Digrii ni miaka mitatu.

Mpango wa makala hadi sasa: ianze na ndege, 2012.

Jumapili, 12 Februari

Leo harekodi wala hasomi. Jumapili kwa Watonga ni Jumapili kweli, imeandikwa hata katika katiba yao ya 1875 kwamba siku hiyo ni takatifu. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yetu ya kazi, na mimi leo nahangaika na neno moja.

Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "Tonga" atawaza Watonga wa bonde la Zambezi. Lazima nimwambie mapema kwamba hawa ni wengine, watu wa ufalme wa visiwa katika Pasifiki ya Kusini, taifa ambalo halikupata kutawaliwa kama koloni ingawa lilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1900 hadi 1970. Halafu kuna matamshi. Wenyewe hawasemi Tonga kama tunavyosema "nyonga". Wanasema Tong'a, kwa sauti ile ya ng'ombe, na maana yake ni kusini. Alfabeti yao ina herufi kumi na saba tu, na moja kati yake ni kile kipasuo cha kooni kinachoandikwa kwa alama kama koma juu ya mstari. Kila silabi inaishia kwenye irabu. Nikimsikiliza Dada akiongea na mamake kwenye simu, sikio langu linatulia kama linasikia lugha ya jirani. Nimeamua sentensi kadhaa za Kitonga zibaki katika makala bila tafsiri ya papo hapo. Mswahili atazipokea.

Jumamosi, 25 Februari

Leo tumepata. Nimefika gerejini nikakuta viti vimeondolewa, mkeka umetandikwa, na yeye na jirani yake wako chini wanachambua chane za kusukia. Chane hizo zimetumwa kutoka Tonga, zimechemshwa, zikalowekwa baharini, zikaanikwa mpaka zimekuwa nyeupe. Mti wenyewe ni jamaa wa mkadi wetu. Nilipomwambia kwamba Pangani mkadi tunauthamini kwa harufu ya ua lake, kwamba wanawake hulitia katika kikuba pamoja na asumini, alinitazama kama nimemwambia nimezaliwa mtaa wa pili na kwao.

Nikakaa. Maikrofoni nikailaza juu ya mto, karatasi ya maswali sikuitoa mfukoni. Kwa Kitonga mazungumzo ya namna hii yanaitwa talanoa. Tala ni kusimulia. Noa ni sifuri, patupu, pasipo kitu. Unakwenda bila ulichokipanga, na kinachokuja ndicho. Watafiti wa Kitonga wameifanya kuwa njia rasmi ya utafiti, nimeona inafundishwa vyuoni hapa, lakini mwanamke aliyekaa mkekani hahitaji chuo kumwambia kwamba maswali ya kusomewa yanafunga mdomo.

Alisimulia saa mbili. Juu ya shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea baada ya darasa la kwanza. Kwa Kitonga anaitwa mehikitanga, na hadhi yake inazidi ya kila mtu katika ukoo, hata ya baba mwenyewe. Kwenye msiba yeye na watoto wake ndio hukaa mahali pa heshima na kupokea mikeka mizuri kuliko yote. Sisi tunaposema shangazi tunataja mtu wa heshima, mtu wa kufunda na kuozesha, lakini kwao shangazi ni mkubwa zaidi ya hapo. Akikataa jambo, limekataliwa.

Katikati ya maneno kuna sehemu ndefu ambapo wote wawili wanahesabu chane kwa sauti ya chini na hakuna habari yoyote. Kwenye orodha ya faili nimeiandika "kelele za nyuma".

Alhamisi, 16 Machi

Walimu wa nchi nzima wamegoma leo, wa chekechea, msingi na sekondari kwa pamoja, kama elfu hamsini. Dada bado ni mwanafunzi lakini alitembea nao. Rekodi: dakika sita za barabarani, ngoma nyingi, maneno machache. Katika makala nitachukua sekunde kumi.

Wiki iliyopita, tarehe 7, ilikuwa sensa. Ile ya 2018 iliwahesabu Watonga zaidi ya 82,000 Nyuzilandi, na sensa ya Tonga ya 2021 ilipata watu laki moja na kidogo katika visiwa vyote. Nyumbani kumegawanyika nusu kwa nusu, na bahari katikati.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimebadilisha mwanzo. Sasa makala ianze na mlipuko.

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya chini ya bahari, Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, ililipuka kwa kishindo kilichosikika hadi Alaska. Mawimbi yakapiga pwani, majivu yakafunika visima na mashamba, na kebo ya intaneti ya kilomita 827 inayoiunganisha Tonga na Fiji ikakatika. Kisiwa kikuu, Tongatapu, kilikaa wiki tano bila kebo hiyo. Ile ya ndani, inayokwenda Ha'apai na Vava'u, haijarudi mpaka leo ninapoandika, na video ya mama yake Dada inaganda kila sentensi ya pili.

Wakati ule Dada alikuwa anangoja kuanza mwaka wa pili. Siku tisa hakujua kama mama yu hai. Mumewe alikwenda kazini, watoto wakalishwa na wanawake wa kanisa, yeye akakaa na simu. Siku ya kumi mtu mmoja mwenye simu ya setilaiti aliwapanga watu wa kijiji foleni, dakika moja kila mmoja. Mama alipopata zamu yake alisema wako salama, nyumba imesimama, kisha akauliza: ada ya chuo umeshalipa?

Nilimwomba arudie hayo mara mbili kwa ajili ya sauti safi. Mara ya pili hakuweza, nami nikazima kinasa. Nitatumia ile ya kwanza, na mlango wa jirani uliosikika ukifungwa utabaki.

Jumamosi, 6 Mei

Insha imerudi, na imefeli.

Naandika hii kwa urefu kwa sababu naona hapa ndipo safari yake ilipo, kuliko kwenye ndege na kuliko kwenye mtihani wa Kiingereza. Waliagizwa wamsome mwanazuoni mmoja wa elimu na kuhakiki hoja zake. Dada akaandika kurasa sita akieleza alichosema mtu yule, kwa usahihi, kwa utaratibu, hakuacha kitu. Mkufunzi ameandika pembeni kwa wino mwekundu: sauti yako iko wapi?

Tulikaa gerejini mpaka saa sita usiku. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo tangu ukurasa wa kwanza wa kitabu: mwanazuoni yule anamzungumzia mtoto kana kwamba mtoto ni mmoja peke yake duniani, hana ukoo, hana wa kumsomea. Nikamuuliza mbona hukuandika? Akasema, "Ni mzee, ni profesa, amefundisha miaka mingi kuliko niliyoishi. Mimi ni nani nimwambie mbele za watu kwamba amekosea?"

Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala Tonga tangu 1918 hadi 1965, aliwaachia watu wake nguzo nne ambazo kila mtoto wa Kitonga hulelewa nazo. Faka'apa'apa, heshima. Tauhi vā, kulitunza lile lililo baina yako na mwenzako. Lototō, unyenyekevu wa moyo ulio tayari kupokea. Mamahi'i me'a, kulishikilia jambo kwa uaminifu mpaka likuume. Mtu aliyejengwa juu ya nguzo hizo anaingia chuoni, na kazi ya kwanza anayopewa ni kumpinga mkubwa wake kwa maandishi. Chuo kinaita hilo kufikiri. Akinyamaza, kinaandika kwamba hafikiri. Nimeumia kwa niaba yake, na nimeumia pia kwa ajili ya wengi niliosoma nao Tanga waliokuja huku wakapewa alama za chini kwa adabu yao.

Mimi nilimshauri aandike tu, aparue. Alikataa. Akasema kwao pia watu hutofautiana, ila ipo njia. Wapo matāpule, wasemaji wa machifu, ambao husimama mbele ya mkubwa, wakataja nasaba yake na ardhi yake na wema wake, na baada ya hapo wanaweza kusema karibu lolote. Ipo heliaki, kusema jambo kwa kupitia jambo jingine, sanaa ya washairi wao. Nilimwambia sisi hiyo tunaivaa, iko kwenye kanga. Akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule.

Jumatatu, 15 Mei

Insha ya marudio imekwenda. Alichofanya ni hiki. Ukurasa wa kwanza amemsalimu mwanazuoni, amemweka mahali pake. Ukurasa wa pili amemleta mzee mwingine aketi naye: Konai Helu Thaman, Mtonga, mshairi na profesa wa University of the South Pacific, aliyeieleza elimu kwa mfano wa kakala, koja la maua. Kwanza toli, kuchuma, na maua hayachumwi ovyo, kila ua lina cheo chake. Kisha tui, kutunga uzini kwa ustadi. Mwisho luva, kuvua na kumvisha mwingine. Koja halitungwi ili abaki nalo aliyelitunga. Na kutoka hapo Dada amesema, kwa heshima zote, kwamba mtoto anayeelezwa katika kitabu cha yule profesa hana wa kumvisha.

Kwa hiyo hakumpinga mzee. Amemwita mzee mwenzake amjibu.

Nimemrekodi akiisoma insha yote kwa sauti. Nilikuwa nimekusudia kuifupisha iwe dakika moja na sasa naona itachukua nne. Amefaulu, B, barua imekuja Ijumaa iliyofuata, naiongeza hapa.

Jumamosi, 17 Juni

Wiki hii hakuna rekodi. Umetokea msiba katika ukoo wa mumewe na Dada amekuwa jikoni siku nne, wiki ambayo kazi mbili za chuo zilitakiwa. Nilikuwa nimemchorea ratiba ukutani, mraba kwa mraba, na msiba haukuwamo. Nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba kwa mazishi ya binamu wa mume angeweza kutuma mchango tu. Hakunijibu. Mchango nao aliutoa, wala si mdogo, na mwezi ujao kuna misinale, sadaka kuu ya mwaka kanisani, ambayo familia hujiandaa kwayo miezi mingi. Kazi moja ilichelewa siku mbili na akakatwa alama.

Nasema wazi kwamba gharama hiyo ipo. Mwanafunzi wa Kitonga analipa ada mara mbili, chuoni na kwa watu wake, na ya pili haina risiti. Makala isiifiche.

Jumamosi, 29 Julai

Yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki tano mfululizo, darasa la watoto wa miaka saba, shule moja ya kusini ya Auckland. Watoto wake wanne hawako nyumbani. Wamegawanywa kwa wanawake watatu wa kanisa, wale wale aliowapikia msibani mwezi uliopita, na kila jioni chakula kinafika mlangoni kimefunikwa kitambaa. Leo nimeiondoa ratiba yangu ukutani. Ile waliyonayo wao ilikuwa inafanya kazi muda wote, ila mimi sikuwa nimejifunza kuisoma.

Jumamosi, 12 Agosti

Shule haikukubali nirekodi watoto, na imefanya haki. Nimeruhusiwa kuingia saa kumi jioni, darasa tupu. Nimechukua sauti ya viti vikipandishwa mezani, kalamu ubaoni, na Dada akinionyesha alivyosimama.

Wiki ya kwanza mwalimu mlezi alimwandikia kwenye daftari la uangalizi kwamba watoto watano hawashiriki, na wakiulizwa hawamtazami mwalimu machoni. Wote watano ni wa visiwani. Dada aliposoma alihisi anasomewa habari zake mwenyewe. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa amefundishwa, tena amefundishwa vizuri. Bibi yangu Pangani angenifinya kama ningemkodolea mwalimu macho. Wizara ya elimu ya hapa inalijua hilo, mwaka 2018 ilitoa mwongozo uitwao Tapasā kwa ajili ya walimu wa watoto wa Pasifiki. Lakini mwongozo hauingii darasani wenyewe, lazima mtu auingize kwa miguu yake.

Dada aliacha kuuliza swali kwa kunyoosha mikono. Aliwakalisha chini, wawili wawili, swali likapewa jozi, na jibu likatoka kwa jozi: "sisi tunaona". Siku ya tatu, anasema, darasa lilikuwa linanguruma. Watoto wale watano hawakuwa na shida ya kusema. Shida yao ilikuwa kujitokeza peke yao mbele ya wenzao.

Na hesabu. Kwa Kiingereza watoto wengi huchanganya kumi na tano na hamsini, maana majina yake yanafanana mno masikioni. Kitonga kinakuruhusu kusoma tarakimu kama zilivyosimama: 15 ni taha-nima, moja-tano. 50 ni nima-noa, tano-sifuri. 25 ni ua-nima. Aliandika ubaoni, akawaacha watoto wa Kitonga wawafundishe wenzao. Noa ile ile ya talanoa, patupu, ndiyo sifuri inayoshika nafasi yake katika namba. Watoto waliozoea kufundishwa wakawa wanafundisha, na kwa Kitonga neno ni hilo hilo: ako ni kujifunza na ni kufundisha, faiako ni mwalimu. Nilimwambia na sisi tuna kufunda, kufundisha, kujifunza, fundi, mkufunzi, mzizi mmoja. Akaniomba nimwandikie, akabandika karatasi ile kwenye friji.

Mwalimu mlezi alikaa nyuma ya darasa wiki ya nne na kuandika kurasa mbili. Mwishoni ameomba aendelee kuitumia njia ile ya jozi yeye mwenyewe.

Jumamosi, 9 Septemba

Wiki ya Lugha ya Kitonga ilikuwapo, shule nyingi zimeimba. Dada ameniambia jambo juu ya babu yake, aliyekuwa kiwandani hapa Auckland miaka ya sabini, dakika kumi na tisa za rekodi, bora kuliko zote nilizonazo. Usiku huo huo akanipigia simu: tusubiri, lazima amuulize shangazi.

Leo jibu limekuja kutoka Ha'apai. Shangazi amekataa. Habari ya babu ni ya ukoo, si ya makala.

Nimeifuta. Sikuihamishia kwenye folda nyingine, nimeifuta, na Dada alikuwa ameketi karibu yangu nilipobonyeza. Imeniuma, lakini mwaka mzima nimekuwa nikisema naheshimu kile kilicho baina ya watu, na heshima ya mdomoni haitoshi.

Kitakachobaki ni yale yaliyo wazi kwa kila mtu. Kati ya 1974 na 1976 polisi wa Nyuzilandi walivamia nyumba za watu wa Pasifiki alfajiri kutafuta waliopitiliza muda wa viza. Hata miaka ya themanini, watu wa Pasifiki walikuwa kama theluthi moja tu ya waliopitiliza, na wakawa asilimia 86 ya walioshtakiwa. Wazungu wengi waliopitiliza hawakugongewa mlango. Tarehe 1 Agosti 2021, ukumbini Auckland, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliketi akafunikwa mkeka mwepesi kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba radhi, mpaka wazee walipomfunua, kisha akaomba msamaha kwa niaba ya serikali. Sehemu ya msamaha ule ilikuwa fedha za masomo kwa vijana wa Pasifiki. Hayo nitayasoma kwa sauti yangu mwenyewe, sekunde arobaini, na baada yake nitaacha ukimya wa sekunde nne. Dada amesikiliza akasema ukimya huo unatosha.

Jumamosi, 18 Novemba

Masomo yameisha. Polisi wameshakagua rekodi yake, ameshapeleka maombi kwa baraza la walimu. Atapewa cheti cha awali, kwa Kimaori kinaitwa Tōmua, kisha afundishe miaka miwili chini ya mwalimu mlezi ndipo apate kile kamili, Tūturu. Amefanya usaili katika shule mbili. Moja haikujibu. Ya pili imempa mkataba wa mwaka mmoja, darasa la watoto wa miaka saba.

Kwenye usaili waliuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Alitaka kusema hana. Akajikuta anasema, "Tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, shule ya Jumapili, Lifuka." Lifuka ndicho kisiwa chenye mji wa Pangai.

Jumamosi, 9 Desemba

Makala ina dakika arobaini na tatu na bado haina mwanzo. Ndege nimeitoa, ni ya kila mhamiaji. Mlipuko nimeusogeza katikati, kwa sababu ukiwa mwanzoni unamfanya msikilizaji amwonee huruma kabla hajamjua.

Jana usiku nilisikiliza tena faili zote kwa mpangilio. Nimefika ile ya 25 Februari, dakika ya kumi na nne, niliyoiita kelele za nyuma. Sauti mbili za wanawake, chane zikigongana. Taha, ua. Taha, ua. Nilimpigia Dada kumuuliza kwa nini hawakwenda mbele mpaka tatu. Akasema wanahesabu jozi, kama nazi na viazi vikuu na samaki vilivyokuwa vikihesabiwa zamani, kwa jozi na kwa ishirini. Shangazi alimkalisha mkekani akiwa na miaka sita akamfundisha hivyo: usiulize chane hii ni ya ngapi, uliza mwenzake yuko wapi. Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, maana wote wawili tulikuwa tumeliona lile darasa la Agosti, watoto wawili wawili chini.

Hakuwa ameikumbuka alipokuwa anawapanga watoto. Anasema aliona tu kwamba ndivyo inavyofaa.

Jumamosi, 16 Desemba

Mwanzo ni huo. Sekunde ishirini na mbili za kuhesabu chane, halafu sauti yake kwa Kitonga, halafu mimi.

Cheti kimefika kwa barua pepe Jumatano. Mwaka mzima nikimwita mwalimu alikuwa ananikataza. Jumatano niliandika neno moja tu kwenye ujumbe, faiako, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti ambao siuweki popote.

Nakala ya kwanza inakwenda Lifuka, kwa shangazi. Hajui Kiswahili. Dada atakaa naye kwenye simu na kumfasiria sentensi kwa sentensi, na shangazi akisema kitu kitoke, kitatoka.

Yaliyobaki kabla ya Jumatatu: kupunguza upepo katika rekodi ya madaftari kambani, na kurekodi upya dakika ya tatu, mahali niliposema Tonga badala ya Tong'a.